Utunzaji wa Nyumba za Kupangisha: Maji, Mchwa na Hesabu ya Kodi

Mtu akitaja nyumba ya kupangisha, fikira za wengi huenda moja kwa moja Dar es Salaam au Mwanza. Makala haya yanahusu mahali pengine. Yanahusu Kiegei, katika nchi ile ya Nachingwea na Ruangwa mkoani Lindi, na vijiji vingine vinavyofanana nacho. Huko nako wamo wapangaji: mwalimu aliyehamishwa kutoka mkoa wa mbali, muuguzi, fundi, mfanyabiashara ajaye msimu wa korosho. Mwenyeji mwenye vyumba viwili vya ziada huvipangisha, na kodi ikipatikana hununulia madaftari ya watoto au salfa ya mikorosho. Hilo ni jambo jema. Lakini wengi huihesabu kodi hiyo kama mavuno ya shamba lisilohitaji palizi, na hapo ndipo penye kosa.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Nyumba iliyogharimu shilingi 6,000,000 kuijenga, ikiachwa bila matengenezo hata ikaanguka baada ya miaka 15, imepungua thamani kwa shilingi 400,000 kila mwaka, yaani zaidi ya shilingi 33,000 kila mwezi. Mwenye nyumba apokeaye kodi ya shilingi 40,000 kwa mwezi hudhani kwamba amepata 40,000. Kwa kweli amepata chini ya 7,000. Zilizosalia ni matofali yake mwenyewe anayoyauza kidogo kidogo pasipo kujua. Nyumba hiyo hiyo ikitunzwa ikadumu miaka 40, upungufu wake ni shilingi 12,500 tu kwa mwezi. Hata akitenga shilingi 5,000 kila mwezi kwa ajili ya matengenezo, hubakiwa na 22,500, zaidi ya mara tatu ya yule wa kwanza. Wala hajapandisha kodi hata senti moja.

Basi nyumba huuawa na nini? Jua huichosha na upepo huitikisa, lakini muuaji mkubwa ni maji. Wa pili ni mchwa, naye hufuata njia iliyokwisha kufunguliwa na maji.

MAJI YAPANDAYO

Kila mtu anajua kwamba maji huteremka. Lakini chukua utambi mkavu wa koroboi, chovya ncha yake katika maji, uungoje. Baada ya muda mfupi utaona maji yamepanda. Sababu ni kwamba chembe za maji huvutwa na nyuzi za utambi kwa nguvu kupita zinavyovutwa kurudi chini, maadamu nafasi kati ya nyuzi hizo ni nyembamba. Wanasayansi huuita mvuto huu kapilari. Kanuni yake ni nyepesi: katika mrija wa kioo wenye upana wa milimita 1, maji hupanda kiasi cha sentimita 3, katika mrija wenye upana wa sehemu ya kumi ya milimita, hupanda kiasi cha sentimita 30. Wembamba ukizidi mara kumi, kimo nacho huzidi mara kumi.

Ukuta wa tofali la udongo umejaa mirija ya namna hiyo, isiyohesabika wala kuonekana kwa macho. Msingi unaposimama katika ardhi yenye majimaji, ukuta huyanyonya kama utambi. Kwa bahati njema ukuta huo huo hupumua: maji yaliyopanda hutoka usoni pake yakawa mvuke, yakachukuliwa na upepo. Yanayopanda yakilingana na yanayotoka, mstari wa unyevu husimama mahali pamoja, pengine kimo cha kiganja tu kutoka sakafuni, na nyumba huishi. Unga mweupe uuonao hapo ni chumvi za ardhini zilizoachwa na maji yalipogeuka mvuke. Chumvi hizo zinapoganda ndani ya matundu madogo ya ukuta hutanuka na kuupasua uso wake, ndiyo maana ukuta humomonyoka kwanza pale chini.

Hayo nayajua vitabuni tangu ujana wangu. Fani yangu ni kemia, na shahada yangu ya udaktari niliipata ng'ambo. Hata hivyo yafaa nikueleze, ndugu msomaji, jinsi nilivyoiangusha nyumba ya marehemu baba yangu pale Kiegei.

Nyumba ile ilikuwa ya matofali mabichi. Baba aliikandika kwa udongo, akaipaka chokaa kila baada ya mavuno, ikasimama zaidi ya miaka ishirini. Niliporithi niliona haya. Mtu aliyesoma hadi ng'ambo, nikawaza, awe na nyumba ya udongo! Nikaagiza ipigwe lipu ya saruji nje pande zote, kutoka msingini hadi kwenye paa. Fundi aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nilikuwa nayo. Ikapendeza kweli kweli, nikampangisha mwalimu mmoja, mkewe na mtoto wao mchanga, nami nikarudi chuoni.

Saruji ni nzito na imeshikamana; maji hayapiti humo kwa urahisi. Nilikuwa nimeuziba ukuta pumzi. Maji yaliendelea kupanda kila masika, lakini upande wa nje hayakupata pa kutokea, kwa hiyo yakapanda juu zaidi yakitafuta njia upande wa ndani. Tena lipu ya saruji hailegei wala haivimbi sawasawa na udongo. Ilipasuka nyufa nyembamba kama unywele, na kila mvua ilipopiga, maji yakaingia kwa nyufa hizo yasiweze kutoka. Nyuma ya ganda lile zuri, matofali ya baba yakawa yanarudi kuwa tope. Tofali bichi likiwa kavu hubeba paa pasipo taabu. Likilowa halibebi kitu.

Mwalimu yule, ambaye hakusomea ujenzi wala kemia, alifanya utafiti kuliko mimi. Kila mwisho wa mwezi alichora mstari kwa kaa ukutani, pale unyevu ulipofikia, akaandika tarehe. Akaniletea habari kwamba mstari uliokuwa chini ya goti mwezi Desemba umefika kiunoni mwezi Machi, na kwamba chumba kinanuka ukungu na mtoto anakohoa. Nilimjibu kwa adabu kwamba apake rangi, nami nitamkatia gharama hiyo katika kodi.

Masika ya nne, usiku wa manane, ukuta wa chumba cha kulala uliangukia ndani. Mwalimu na watu wake walikuwa wamelala ukumbini siku mbili tangu hapo, kwa sababu ya kikohozi cha mtoto. Kitanda cha mtoto tulikifukua siku ya tatu chini ya kifusi. Silaumu fundi wala mvua.

DAWA YA UKUTA

Ukuta wa udongo wataka lipu inayopumua. Lipu ya udongo uliochanganywa na mchanga yafaa, na iliyo bora zaidi ni ya chokaa na mchanga, kwa kadiri ya sehemu 1 ya chokaa kwa sehemu 3 za mchanga uliooshwa. Chokaa ni kitu cha ajabu. Mawe ya chokaa au matumbawe huchomwa hata yafikie joto la kiasi cha nyuzi 900 za Sentigredi. Hewa ya kaboni dayoksaidi hutoka, ikabaki kalsiamu oksaidi. Hiyo ikitiwa maji huchemka kwa ukali na kuzimika ikawa chokaa tuipakayo. Ikisha kupakwa ukutani huivuta tena taratibu ile kaboni dayoksaidi kutoka hewani, na kurudi kuwa jiwe kama ilivyokuwa kwanza. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, katika mkoa huo huo wa Lindi, ulijengwa kwa matumbawe na chokaa, na sehemu zake za kale zingali zimesimama. Tahadhari moja: chokaa huunguza. Asiipake mtu pasipo kulinda macho, wala watoto wasikaribie inapozimwa.

Asiye na chokaa asikate tamaa, ila na aujue udongo wake. Jaza udongo hadi theluthi ya chupa ya kioo yenye pande zilizonyooka, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa kwa nguvu, kisha iweke mahali pasipotikisika mpaka kesho yake. Mchanga utatua chini kwanza, juu yake vumbi laini, na juu kabisa mfinyanzi. Mfinyanzi ukizidi sana, lipu itapasuka ikikauka. Ukipungua sana, itapukutika. Udongo ambao mchanga wake ni zaidi ya nusu, na mfinyanzi wake kiasi cha sehemu moja katika tano, kwa kawaida hufaa. Jaribio hilo halina gharama. Wazee wa Nachingwea wanaukumbuka, au wamesimuliwa, mpango wa karanga wa mwaka 1947 hadi 1951, uliokuja na matrekta na reli kabla udongo na mvua za nchi havijachunguzwa kwa makini. Fedha nyingi sana zilipotea. Chupa moja na subira ya siku moja ni mwanzo mwema zaidi.

Baada ya lipu, tazama ardhi inayozunguka nyumba. Iteremke kwenda mbali na ukuta, kiasi cha sentimita 5 kwa kila mita, na mfereji uchimbwe umbali wa mita 1 au zaidi, usiguse msingi. Anayejenga upya na ajenge kitako cha mawe au tofali la kuchoma, kisipungue sentimita 30 juu ya ardhi, na juu ya kitako atandaze karatasi nzito ya nailoni kabla ya kuanza ukuta. Hiyo nailoni hukata utambi. Ni bei ndogo mno kwa kazi inayofanya, na sijui kwa nini hurukwa mara nyingi hivyo.

MAJI YASHUKAYO

Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya meta mraba 1 huleta lita 1 ya maji. Paa la mita 8 kwa 6 lina meta mraba 48. Mvua ya milimita 30, ambayo si ajabu kwa alasiri moja ya masika, huleta juu ya paa hilo lita 1,440, yaani mapipa makubwa saba na ziada. Kama hakuna mfereji wa bati kwenye upenu, maji yote hayo hudondoka kando ya ukuta, yakachimba msingi na kurusha matope juu ya lipu. Upenu na utokeze angalau sentimita 60. Mwenye uwezo aweke mfereji na tangi; atakuwa ameokoa ukuta na kumpa mpangaji maji kwa wakati mmoja, nami nimeona mpangaji akikubali kuongeza kodi kwa ajili ya tangi, jambo ambalo hakulikubali kwa ajili ya rangi.

Bati letu ni chuma kilichovikwa zinki. Zinki huliwa na hewa na maji kabla ya chuma, hata pale palipokwaruzwa kidogo. Hujitoa mhanga, kwa maneno mengine. Doa jekundu la kutu maana yake ni kwamba mhanga umekwisha mahali pale. Lisuguliwe kwa brashi ya waya na kupakwa rangi ya kuzuia kutu mapema, likiwa bado doa. Majani ya mwembe yaliyooza juu ya paa hushika unyevu mwaka mzima, kwa hiyo yafagiliwe. Saruji mbichi na chokaa mbichi nazo huila zinki, basi fundi asimwage mabaki yake juu ya bati. Msumari upigwe juu ya mgongo wa wimbi la bati, kamwe si bondeni ambako maji hupita, na uwe na kofia yake ya mpira au risasi.

Upepo haulisukumi paa chini. Hulifyonza kwenda juu, hasa kwenye kingo. Makombamoyo na yafungwe ukutani kwa waya mnene uliozamishwa safu kadhaa za matofali chini, na misumari iwe mingi zaidi ukingoni kuliko katikati.

MCHWA

Mchwa hawana udugu na siafu wala sisimizi, ingawa huishi kwa umati kama wao. Ndugu zao wa karibu ni mende. Wengi wa hawa wajengao vichuguu vikubwa hawawezi kuuyeyusha mti peke yao vizuri, kwa hiyo hulima kuvu ndani ya kichuguu, kuvu hulainisha mti, nao hula. Ngozi yao ni laini, jua na hewa kavu huwaua. Ndiyo sababu husafiri ndani ya vijia vya udongo, na ndiyo sababu hupenda ukuta wenye unyevu. Ukuta mkavu ni nusu ya dawa ya mchwa.

Nusu ya pili ni macho. Usiegemeze kuni wala mabua ukutani, kwa kuwa yataficha vijia. Ukiona kijia, kivunje, urudi baada ya siku mbili. Kikiwa kimejengwa upya, mchwa wangali hai na wanakula kitu huko juu. Gonga fremu na boriti kwa kipini cha kisu, usikilize mlio mtupu. Miti ya mninga na mkongo hustahimili, lakini kiini chake tu. Sehemu nyeupe ya nje huliwa kama mti mwingine wowote, na wauzaji wengine huiuza pamoja na kiini kwa bei ile ile.

Watu wengi hupaka oili chafu ya injini. Hulinda uso wa mti kwa muda, ila ina sumu, isipakwe chumbani wala karibu na kisima. Dawa ya dieldrini, iliyotumika sana zamani, ni miongoni mwa zile zilizopigwa marufuku chini ya Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001. Asije mtu akakuuzia dawa ya mchwa katika chupa isiyo na maandishi.

Kuhusu mbu nitasema machache. Yule aenezaye malaria huingia zaidi kwa uwazi ulio kati ya ukuta na paa, akifuata pumzi za waliolala. Uchunguzi uliofanywa Gambia na kutolewa mwaka 2009 ulionyesha kwamba watoto wa nyumba zilizowekwa wavu, ama nyumba nzima ama darini tu, walipungukiwa damu kwa uchache kuliko wale wa nyumba zilizoachwa wazi. Karibu zaidi nasi, mkoani Mtwara zilijengwa nyumba 110 za majaribio zenye kuta zipitishazo hewa na kuzuia mbu. Mwenye nyumba wa Kiegei aanze na wavu kwenye uwazi wa juu. Asiuzibe kwa udongo, maana joto litamfukuza mpangaji. Na choo kiwe mita 30 au zaidi kutoka kisimani.

WAKATI NA MAPATANO

Kusini mwa nchi yetu mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Korosho huvunwa na kuuzwa kabla tu ya mvua hizo na mwanzoni mwake. Kwa hiyo fedha na wakati wa ukaguzi hukutana, bahati ambayo wakulima wa mikoa mingine hawana. Mnada wa kwanza ukisha lipa, zunguka nyumba pamoja na mpangaji wako, mkiwa na timazi, kisu na daftari. Timazi itakuonyesha ukuta ulioanza kuinama kabla jicho halijaona.

Daftari lile liwe la nyumba, si la kodi peke yake. Tangu sheria ya kudhibiti kodi ya mwaka 1984 na mabaraza yake ilipoondolewa mwaka 2005, kiasi cha kodi ni mapatano ya watu wawili. Vivyo hivyo waandike nani atengeneze nini: kwa kawaida paa, kuta na msingi ni juu ya mwenye nyumba; kitasa, kioo na usafi wa mfereji ni juu ya mpangaji. Waandike pia kwamba mpangaji akitoa habari ya ufa au unyevu, mwenye nyumba atakuja au atamtuma mtu katika siku 14, na asipofanya hivyo mpangaji ataweza kutengeneza na kukata gharama katika kodi. Wenye nyumba wenzangu hawakipendi kifungu hicho cha mwisho. Mimi nimekitia katika daftari langu.

Nyumba ya baba niliijenga upya upande ule, kitako cha mawe, nailoni, lipu ya chokaa. Lipu yote ya saruji tuliibandua kwa patasi, kazi ya wiki tatu. Mwalimu alirudi baada ya mwaka, kwa kodi ile ile ya zamani, na kwa sharti moja kwamba kuta za ndani asizipake mtu rangi mpaka masika mawili yapite. Akachora tena mistari yake kwa kaa. Ule wa Machi iliyopita ulikuwa sentimita 9 kutoka sakafuni, na wa Aprili 8.